Bi Nukta na Waliofungiwa

Bi Nukta akikasirika, sauti yake hushuka. Wengine hupayuka, wakagonga meza, wakamaliza. Yeye huanza kusema taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga glasi kabatini, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja tulijifunza kuiogopa sauti hiyo ya chini kuliko makelele yote ya meneja.

Jina la Nukta alibandikwa na makarani wa masjala enzi za taipureta, kwa kuwa alithubutu kumrudishia mkuu wake barua iliyokosa nukta mwishoni. "Sentensi isiyo na nukta ni nyumba isiyo na mlango," alimwambia. "Kila apitaye anaingia." Mkuu yule alicheka, akaweka nukta, na jina likaganda. Mwenyewe hakulikataa. Hata watoto wa mdogo wake, ambao kwao alikuwa mama mkubwa, walimwita Mama Mkubwa Nukta.

Huyo mdogo wake wa kike alimlea kwa mikono yake. Mama yao alifariki msichana akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Bi Nukta alimsuka nywele, alimsomesha, alimkemea, na alipofikia umri wa kuolewa akamkagua mchumba kama anavyokagua barua. Mchumba mwenyewe alikuwa fundi bomba wa idara yetu ya maji. Siku ya kwanza aliingia sebuleni na matope kwenye viatu, na kabla ya kusalimia akainamisha sikio chini ya sinki.

"Hii koki yenu inalia," alisema.

Aliitengeneza papo hapo. Kisha akapitisha kiganja chini ya kiungio, akakiinua juu ili kila mtu aone kuwa ni kikavu, akasema, "Haivuji." Bi Nukta alimvuta mdogo wake jikoni akamwambia, "Huyu olewa naye."

Neno hilo ndilo likawa jina la fundi. Kila kazi aliyoimaliza, kubwa kwa ndogo, alipitisha kiganja, akakiinua, akalitamka. Kazini, mtaani, na nyumbani kwake, aliitwa Haivuji.

Ofisi yetu ya takwimu iko juu ya stoo ya mabomba. Joto likipanda, harufu ya grisi na ya plastiki mpya hupanda nalo hadi kwenye meza zetu. Dirisha linatazama uani, ambako mafundi hukusanyika asubuhi kupangiwa kazi, na utani wao wote tunausikia bila kualikwa. Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa, mchapakazi, mwepesi wa kufikiri, ambaye hakuweza kusema jambo bila kutanguliza "kwa mkato". Kwa mkato, mambo ni hivi. Kwa mkato, tutafanya vile. Haikupita wiki, mafundi wakambatiza Bwana Mkato. Basi chumba kimoja kikawa na Nukta na Mkato, na kila aliyepita darasa la tatu anajua kuwa alama hizo mbili hazikai mahali pamoja.

Kisha ikaletwa mashine ya kujibu maswali. Meneja alitaka aulize kwa Kiswahili cha kawaida, kama anavyomuuliza karani, naye ajibiwe palepale bila kumsubiri mtu afunguefungue majedwali. Waliotuletea walituonyesha inavyofanya kazi. Mashine yenyewe haijui lolote kuhusu wateja wetu. Inapewa zana, na kila zana ni kama mlango wa chumba kimoja cha takwimu: huku usomaji wa mita, huku malalamiko, huku wateja wapya, huku waliositishiwa huduma. Juu ya kila mlango kuna kibao chenye maelezo. Mashine ikiulizwa swali husoma vibao, ikaamua ibishe wapi, ikaingia, ikachukua ilichokikuta, ikarudi na jibu. Kibao kikisema jiko, itaingia kuomba chakula hata kama humo ndani ni stoo ya mabomba.

Kazi ya kuandika vibao alipewa Bi Nukta, na aliifanya kwa bidii iliyotuchosha sisi tuliokuwa tukimtazama. Alisema anamwandikia mgeni mwenye akili nyingi asiyejua lolote la nyumba hii. Mgeni wa namna hiyo, alisema, ni hatari kuliko mjinga, kwa sababu mjinga atasimama uani aulize, lakini mwenye akili atakisia. Kwa hiyo hakutosheka kueleza mlango una nini. Alieleza pia hauna nini, na anayekitafuta kile kisichokuwemo aende mlango gani. Akieleza tarehe, alisema ni ya siku kazi ilipofanyika au ya siku karani alipoiingiza. Mlango ukifunguliwa ukakutwa mtupu, alieleza kama maana yake ni kwamba hakuna mtu, au ni kwamba taarifa hazijafika bado.

Alishuka hadi uani kuwahoji mafundi maneno yao.

"Mkiandika mita 'imelala' mna maana gani?"

"Imelala, Bi Nukta. Haizunguki."

"Na mkiandika 'imekufa'?"

"Hiyo hata ukiipiga teke haiamki."

"Kwa hiyo iliyolala huamka?"

"Ukiigonga kidogo inaamka."

"Kama wewe Jumatatu," mwenzake akadakia, na uani kote wakaangua kicheko. Bi Nukta hakucheka. Aliandika.

Huko uani ndiko alikolikuta neno lililokuja kutuvuruga. Fundi akishamwekea mteja mpya mita, husema "nimemfungia". Amefunga mita, kama mtu anavyofunga injini kwenye gari au dirisha kwenye ukuta. Lakini huku juu ofisini, mteja akizimiwa maji kwa sababu yoyote ile, tunasema naye "amefungiwa". Neno moja, yule wa chini akilisema anampa mtu maji, na wa juu akilisema anamnyima. Wote wawili wanasema Kiswahili safi, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kugongana kwa sababu kati yao palikuwa na mtu anayeuliza, "Kufungiwa kupi?"

Kwenye kibao cha wateja wapya Bi Nukta akaandika hivi: "Zana hii inatoa wateja wapya waliofungiwa mita mpya, yaani walioingiziwa maji kwa mara ya kwanza. Usiitumie ukiulizwa juu ya waliozimiwa maji. Hao wako kwenye zana ya kusitisha huduma. Angalia: fundi akisema 'nimemfungia' ana maana ya kumwekea mita, ofisi ikisema 'amefungiwa' mara nyingi ina maana ya kumzimia maji. Ukiwa na shaka, muulize anayekuuliza."

Bwana Mkato alivisoma vibao vyote akavipitishia panga. Sitamsingizia. Baadhi vilikuwa virefu kweli. Kibao cha malalamiko kilikuwa na aya nzima juu ya fomu za zamani za rangi ya waridi na sababu ya kuachwa kwake, jambo ambalo mashine haikulihitaji, na hata sisi hatukulihitaji. Aya ile ilistahili kufutwa. Lakini panga halichagui. Kibao cha wateja wapya kilipotoka mikononi mwake kilibaki hivi: "Wateja waliofungiwa, kwa mtaa na kwa mwezi."

Bi Nukta alimfuata mezani kwake.

"Umeondoa maneno 'mita mpya'."

"Kila mteja ana mita, mama. Ni kurudia tu."

"Na tofauti ya kufungiwa na kufungiwa?"

Bwana Mkato alitabasamu. "Kwa mkato, mama, mashine hii ni erevu. Haihitaji hadithi. Itaelewa kutokana na muktadha."

"Muktadha ndio huo umeufuta."

"Tutaona ikikosea. Ikikosea tutarekebisha."

"Ikikosea," Bi Nukta alisema kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kushuka, "itamkosea mtu. Haitakukosea wewe." Alivua miwani, akaifuta, akarudi kukaa. Mkuu alikuwa ameamua.

Mwanzoni kila mtu aliifurahia mashine. Haikununa, haikwenda kunywa chai, na haikusema kamwe kuwa haijui. Mafundi, waliokuwa na jina la kila kitu, waliiita Bwana Ndiyo.

Siku moja meneja, akiwa na wasiwasi kwamba kuna watu wanaozimiwa maji kisha wanafunguliwa kwa mlango wa nyuma, akamuuliza Bwana Ndiyo swali la busara kabisa: "Nipe wateja waliofungiwa karibuni ambao mita zao bado zinazunguka." Mashine ikasoma vibao. Kimoja kilisema "wateja waliofungiwa". Kingine kilisema "huduma zilizositishwa". Ikaenda palipokuwa na neno ililopewa, ikachukua majina, ikaenda mlango wa usomaji wa mita, ikalinganisha, ikarudi na adabu zake zote. Wateja waliofungiwa wote, ilisema, mita zao zinazunguka. Na walio wengi wako mtaa mmoja, kazi ya fundi mmoja.

Mtaa huo ulikuwa mpya, bomba lilikuwa limefika karibuni tu. Na fundi alikuwa Haivuji. Mafundi wetu hufanya kazi zote mbili, kuweka mita na kuzima maji, kwa hiyo meneja hakuona ajabu.

Sisi tulijua tulipomwona kupitia dirishani. Haivuji alisimama katikati ya uani akiwa na shati jeupe la kola, si ovaroli, na mlinzi alikuwa akimvua kitambulisho shingoni mbele ya wenzake. Boksi lake la spana lilichukuliwa likaingizwa stoo. Hakuna fundi aliyetania. Bi Nukta alisimama dirishani hadi shemeji yake alipotoka getini, kisha akashuka ngazi kwenda kwa meneja. Aliambiwa arudi kwenye kazi yake kwa kuwa jambo linamhusu ndugu yake, na mwenye ndugu hana macho.

Kesho yake mchana, mdogo wake akaingia ofisini kwetu bila kubisha. Nyuma yake alisimama Haivuji, akiwa na shati lilelile, lakini limekunjamana.

"Dada," alisema mdogo wake, na sauti yake haikushuka hata kidogo, "hiyo mashine yako imemla mume wangu! Ulikaa hapa ukiifundisha kusema, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake ni mwizi. Jana mtoto amerudi kutoka shule analia, wanamwita mtoto wa mwizi wa maji. Utasemaje? Utaweka nukta wapi hapo?"

"Keti," alisema Bi Nukta.

"Siketi!"

"Basi simama, lakini nyamaza kidogo. Shemeji, nieleze walivyokuuliza. Usinipe maana. Nipe maneno."

Haivuji alitazama mikono yake. "Nilivaa shati la harusi, shemeji. Nilidhani naitwa kupongezwa, kwa kuwa mtaa mzima ule niliumaliza na hakuna hata nyumba moja iliyolalamika. Wakasoma majina. Meneja akaniuliza, hawa wote uliwafungia wewe? Nikamwambia ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

"Endelea."

"Akaniuliza, na mpaka leo maji yanatoka? Nikamwambia yanatoka, tena kwa nguvu! Yasitoke kwa nini? Nikamwambia, mheshimiwa, nenda kwenye nyumba yoyote ukafungue koki uone."

Mkewe aliziba uso kwa viganja.

"Wakatazamana. Meneja akaniuliza, na hao watu walikupa nini? Nikasema mimi sichukui cha mtu. Ila bibi wa nyumba ya kona alinipa chai."

"Chai," Bi Nukta alisema.

"Chai ya kunywa, shemeji! Ya kikombe! Nilipomwona katibu anaandika ndipo nikaanza kupiga kelele kuwa ilikuwa na tangawizi, lakini nani ananisikiliza? Mtu aliyekwisha kukiri hasikilizwi."

Karani wa meza ya mlangoni aliuma kalamu ili asicheke. Bi Nukta alikuwa amekaa wima kabisa.

"Meneja alisema 'uliwafungia'. Hakusema uliwafungia nini?"

"Hakusema. Nami sikuuliza. Fundi akiulizwa ulimfungia fulani, si anajua ni mita?"

Bi Nukta aligeukia kioo cha kompyuta. Aliandika, "Nipe waliofungiwa katika mtaa huu." Majina yakashuka, na la bibi wa nyumba ya kona likiwemo. Akafuta. Akaandika, "Nipe waliozimiwa maji katika mtaa huu." Jibu likaja kwamba hakuna hata mmoja. Akageuza kioo ili shemeji na mdogo wake waone majibu hayo mawili.

"Ulishtakiwa kwa kuwapa watu maji," alisema. "Nawe ukakiri."

Wakati huohuo gari la kukata maji likaingia uani. Sote tuliinuka kuchungulia. Nyuma ya gari kulikuwa na mita zimerundikwa, zikiwa bado na lebo za kiwandani. Zilikuwa zimeng'olewa asubuhi ile katika nyumba za mtaa mpya, kwa amri iliyotokana na jibu la Bwana Ndiyo. Haivuji alizitambua kabla ya dereva kuzima injini. Alishika ukingo wa dirisha akasema kwa sauti ndogo, "Wamezikata kwa msumeno. Viungio vyangu. Hawakuvifungua hata kwa spana, wamekata tu."

Bi Nukta aliinuka, akaenda hadi kwenye meza ya Bwana Mkato. Hakugonga kitu. Mtu aliyekaa mbali asingejua kuwa kuna ugomvi.

"Ulisema itaelewa muktadha."

Bwana Mkato alikuwa ameshasikia yote; chumba si kikubwa. "Mashine imechagua mlango usio sahihi. Tutawaandikia waliotuletea..."

"Usiisingizie mashine. Iliulizwa juu ya waliofungiwa, ikatazama mlango ulioandikwa waliofungiwa, ikaingia. Ungekuwa wewe ungeingia. Ningekuwa mimi ningeingia. Niliandika pale mlangoni: ukiwa na shaka, uliza. Wewe uliifuta shaka. Uliifuta kwa sababu ilikuwa na maneno mengi."

"Maelezo marefu nayo huipoteza mashine, mama. Hilo ni kweli, si langu."

"Ni kweli," alisema Bi Nukta, na kila mmoja wetu akashtuka. "Fomu za waridi zilikuwa upuuzi, na ulifanya vizuri kuzifuta. Ungenifutia kumi kama hizo nisingefungua mdomo. Lakini ile ilikuwa tofauti ya kumpa mtu maji na kumnyima. Hukuitazama. Ulipima urefu ukakata, kama walivyokata mabomba ya shemeji yangu. Na usiniite mama. Mama yangu alikufa."

Walishuka kwa meneja wakiwa wanne, na mimi nikaitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Meneja alionyeshwa majibu yale mawili. Alikuwa mtu mzima, aliyazoea mambo. Alielewa upesi na akachagua njia fupi upesi vilevile.

"Basi imeeleweka. Maelezo yarekebishwe leo, wateja warudishiwe maji, fundi arudi kazini. Na suala hili tulifunge."

"Mlifunge vipi, mheshimiwa?" Haivuji aliuliza akiwa mlangoni. "Mlifunge kama koki, au mlifunge kama mita? Maana mkilifunga kama mita ndiyo kwanza litaanza kuzunguka."

Meneja alikohoa. Akamwambia Bwana Mkato atunge tangazo fupi la kubandika ubaoni. Bwana Mkato, kwa mazoea, aliandika sentensi moja: "Fundi ameondolewa tuhuma." Bi Nukta aliichukua karatasi, akaisoma, akairudisha.

"Mtu akipita ubaoni kwa haraka atasoma maneno mawili ya kwanza. Fundi ameondolewa."

"Unataka nini, Bi Nukta?" meneja alisema, na sasa sauti yake ilipanda.

"Mlimvua kitambulisho uani, mbele ya watu. Mtamvika uani, mbele ya watu, kwa mdomo, na maneno yatakuwa kamili. Mpaka hapo sitaandika kibao hata kimoja. Mpeni mwingine aandike. Mpeni yeyote mnayemwamini kwa mkato."

"Hayo ni masharti?"

"Ni sentensi. Ina mwanzo na ina nukta."

Asubuhi iliyofuata mafundi walikusanywa. Meneja alisema aliyotakiwa kusema, kwa ukavu, macho yakiwa kwenye paa la stoo. Hapo ndipo Bwana Mkato alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alisogea mbele, akasema, "Maneno yaliyokuwa yanamkinga fundi huyu niliyafuta mimi." Basi. Lilikuwa jambo la mkato, lakini safari hii halikupungua kitu.

Haivuji alivikwa kitambulisho. Hakutabasamu. "Sawa," alisema. "Hapa uani mmesema. Na kule mtaani nani atasema? Kule nimeacha nyumba za watu hazina maji, na jina langu liko juu ya kila bomba lililokatwa." Akamtazama Bwana Mkato kuanzia usoni hadi kwenye viatu. "Twende wote, bosi. Mimi nitafunga. Wewe utasema. Na boksi utabeba wewe."

Mafundi walinguruma. Mmoja akapaza sauti, "Angalia mgongo, bosi, hilo boksi halijui kwa mkato!"

Nilitumwa nao kuandika namba za mita. Bwana Mkato alibeba boksi la spana njia nzima, likimgonga goti, na vumbi la mtaa mpya likamaliza kazi ya viatu. Nyumba ya kona ndiyo ilikuwa ya kwanza. Bibi alifungua mlango nusu. Ukumbini nyuma yake nilimwona binti akimimina maji ya dumu kwenye sufuria, kwa uangalifu, asimwage tone.

"Mmekuja kufunga tena?" bibi aliuliza.

Bwana Mkato alifungua mdomo. "Ndiyo, bibi. Yaani hapana. Tumekuja kufunga, lakini si kufunga kule kwa..." Akakwama. Haivuji hakumsaidia.

"Kijana," alisema bibi, "sema maneno yote. Sina safari."

Bwana Mkato akatua boksi chini. "Tumekuja kukuwekea mita yako upya ili maji yatoke. Tulikuzimia kwa makosa. Hukufanya kosa lolote wewe, na huyu fundi hakufanya kosa lolote. Alikuingizia maji kwa halali. Kosa ni la ofisi. Ni langu."

"Hayo ndiyo maneno," bibi alisema. "Mbona yameenea yote mdomoni?" Akafungua mlango wote.

Haivuji alipiga magoti kwenye ukuta wa nje. Alikwangua ncha ya bomba lililokatwa, akapima, akaunganisha, akakaza. Binti alifungua koki ya jikoni, ikakohoa hewa, kisha ikatoa maji kwa nguvu. Bibi alimjia fundi pale chini akamwambia, "Mwanangu, nasikia chai yangu ndiyo iliyokuponza. Ngoja nikuwekee nyingine, wanaotaka kuandika waandike."

"Leo sinywi, bibi. Asante."

Alipitisha kiganja chini ya kiungio. Nilikiona kiganja kikiwa kikavu. Alikipangusa kwenye suruali, akachukua spana zake, akatoka kwenda nyumba ya pili. Nyumba zote zilikwenda hivyo, Bwana Mkato akisema maneno yote kwenye kila mlango, hadi sauti yake ikakauka.

Tuliporudi, Bi Nukta alikuwa ameshaandika vibao. Vilikuwa vifupi kuliko vile vya mwanzo. Fomu za waridi hazikurudi. Lakini tofauti zote zilikuwepo. Alinionyesha. Aliandika, "Nipe waliofungiwa," na mashine, badala ya kukimbilia mlango, ikauliza: "Una maana ya waliowekewa mita, au waliozimiwa maji?" Bwana Mkato alisimama nyuma yetu, na magoti ya suruali yake yakiwa na alama za boksi. Alisoma kibao hadi mwisho, mara mbili. Hakufuta neno.

Alipoondoka, Bi Nukta aliniuliza bila kugeuka.

"Bibi wa kona amepata maji?"

"Amepata."

"Shemeji alipitisha kiganja?"

"Alipitisha."

"Akasema haivuji?"

Nilifikiria nyumba zote, moja baada ya nyingine. "Hapana," nikasema. "Hakusema popote."

Bi Nukta alivua miwani akaiweka juu ya meza. Sauti yake ilishuka hadi nikalazimika kuinama ili nimsikie.

"Basi bado hawajamrudishia jina lake."